Nanga za Ghorofa ya Sita na ya Tisa

Mzee, kama tulivyomwita fundi wetu mkuu, hakuwa mtu wa kuogopa urefu. Alichokiogopa ni wiki ya mwisho: matofali yamekwisha, wenye jengo wameanza kupita vyumbani na funguo mkononi, na mafundi wote mioyo yao imeshahamia kwenye kazi inayofuata. Alikuwa akisema kwamba jukwaa la mlingoti, lile la mafundi linalopanda ukutani kwa mota, huua likiwa linafungwa au linafunguliwa, na katika hayo mawili kufungua ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa siku ya kufunga watu bado wana woga. Nilimsikia akiyasema hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, jijini Toronto, Kanada. Nilimwitikia kwa heshima kama kijana anavyomwitikia mzee, lakini sikuyaelewa mpaka Jumatatu moja ambayo naikumbuka hadi leo kwa saa zake zote.

Nilikuwa nimetoka Tanga nikiwa na ufundi kidogo wa uashi, nikaanzia chini kabisa kama saidia fundi. Kazi ya matofali Toronto wakati ule ilikuwa mikononi mwa Waitalia na Wareno. Mzee alikuwa Mwitalia aliyehamia Kanada akiwa mdogo, na ujana wake ulikuwa umepita katika kivuli cha Machi 17, 1960, siku ambayo vibarua watano, wote wahamiaji kutoka Italia, walikufa ndani ya handaki la bomba la maji huko Hoggs Hollow. Moto ulizuka, moshi ukajaa, wakakosa pa kutokea. Baada ya msiba ule jimbo letu la Ontario lililazimika kuziandika upya sheria zake za usalama kazini. Kila alipotuona tumekunja uso kwa sababu ya sheria fulani, Mzee alitaja jina hilo tu, Hoggs Hollow, kisha akaendelea na kazi.

Nyumbani nilizoea jukwaa la mirunda. Unasimamisha nguzo, unafunga kwa kamba na misumari, unalaza mbao, ukifika juu unaongeza nguzo nyingine. Hapa nilikuta milingoti miwili ya chuma, kila mmoja umeungwa kwa vipande vya mita moja na nusu vilivyofungwa kwa boliti, kimoja juu ya kingine. Ubavuni mwa kila kipande kuna meno, na gia za mota zinang'ata meno hayo na kulipandisha jukwaa lote pamoja na watu, matofali na udongo wa kujengea. Mwashi hahitaji kuinama wala kunyoosha mikono juu. Ukuta ukipanda, naye anapandishwa, kazi inabaki usawa wa kiuno. Kwa mtu aliyewahi kubebesha bega lake ndoo za udongo kwenye ngazi ya mbao, ilikuwa ni neema, na bado nasema hivyo.

Lakini Mzee alitumia muda mwingi kuifunga mashine ile kuliko nilivyodhani chuma kinastahili. Jengo lilikuwa la ghorofa 12, na chini yake palikuwa na gereji ya magari ya ngazi mbili. Kitako cha mlingoti mmoja kiliangukia juu ya paa la gereji. Uzito wote wa mlingoti, jukwaa na matofali unashukia kwenye kitako, kwa hiyo alikataa kugusa kitu mpaka mhandisi alete mchoro. Nguzo za chuma ziliwekwa chini ya zege, ngazi ya kwanza na ya pili, kila moja imekaa wima juu ya mwenziwe mpaka kwenye msingi. Mzee akazipaka rangi nyekundu mwenyewe, maana alijua siku moja dereva fulani angetaka kupitisha gari na kuona nguzo moja inamzibia njia.

Kisha pima maji na timazi. Kitako kikiinama kidogo tu, kule juu mlingoti unakuwa umehama kabisa mahali pake. Kila boliti ilikazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu na kupigwa mstari wa rangi, ili ikilegea mstari ukatike na jicho lione. Breki ya dharura ilijaribiwa jukwaa likiwa halina mtu, sisi tumesimama mbali na kitufe cha waya mrefu. Kipande cha juu kabisa cha mlingoti hakikuwa na meno, ili hata swichi ya kikomo ikifeli gia isiweze kuchomoka kileleni. Na palikuwa na bango la mzigo lililoonyesha kiasi cha matofali na mahali pa kuyaweka. Mzigo ambao ni salama kabisa katikati ya milingoti miwili unaweza kuwa hatari ukiusogeza kwenye ncha inayoning'inia. Vijana wengi walisoma namba ya bango na kuacha mchoro wake. Mzee alitufanya tuusome mchoro kwanza.

Hata hivyo moyo wa mambo ulikuwa kwenye nanga, vile vyuma vinavyoushika mlingoti kwenye jengo. Kitako hubeba uzito unaoshuka, na nanga huzuia mlingoti usipinde wala kuondoka ukutani. Mwongozo wa mashine yetu ulitaka nanga kila mita tisa, yaani kila ghorofa tatu: ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na mbili. Zilifungwa kwenye zege la sakafu, kamwe si kwenye tofali, kwa sababu ukuta wa tofali wa jengo kama lile ni nguo tu, haubebi kitu. Nanga zetu zilipenya kupitia nafasi za madirisha. Hilo ndilo lililotuletea balaa.

Majira ya baridi yalipita kwa taabu za kawaida. Tulilifunika jukwaa kwa maturubai na kuwasha hita ili udongo usigande, na kila redio ilipotangaza upepo mkali Mzee alituamuru tuyashushe, kwa kuwa jukwaa lenye maturubai hukamata upepo mwingi zaidi kuliko jukwaa wazi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, kazi ya matofali ikaisha. Ijumaa tulishusha jukwaa mpaka chini, umeme ukazimwa, Mzee akaondoka na ufunguo. Jumatatu ilikuwa siku ya kuanza kufungua. Utaratibu wake ni kwamba jukwaa linapanda tupu hadi kileleni, mafundi wanafungua kipande cha juu, wanakilaza jukwaani, wanateremka kidogo, wanafungua kinachofuata. Nanga haiguswi mpaka jukwaa lenyewe limeifikia kutoka juu. Na kila kipande kinachofunguliwa kinageuka mzigo.

Kabla ya kuwasha mota, Mzee alipanda ngazi za ndani ya jengo, akanichukua nimshikie tochi. Katika kila ghorofa yenye nanga aliishika kwa mkono, akaitikisa, akaangalia mstari wa rangi. Ya tatu ilikuwa sawa. Tulipoingia ya sita, upande wa mlingoti wa kulia, hapakuwa na nanga. Palikuwa na dirisha jipya, kioo bado kina karatasi zake. Chuma cha nanga kilikuwa kimelazwa vizuri kando ya ukuta, na boliti zake zote zimo ndani ya ndoo tupu. Ghorofa ya tisa tulikuta hivyo hivyo, hata ndoo ilikuwa ya aina ileile.

Watu wa madirisha walikuwa wamefanya kazi Jumamosi. Mtu aliwaambia kwamba matofali yamekwisha, nao wakakuta chuma kinapita mahali pa dirisha, wakakifungua kwa uangalifu na kutunza boliti ili zisipotee. Mpaka leo sina neno baya juu yao. Hawakuwahi kuambiwa chuma kile kinashika nini.

Mzee alisimama pale kwa muda akitazama nje. "Kutoka ya tatu hadi ya kumi na mbili," akaniambia, "hakuna kinachoushika."

Meneja wa mradi aliitwa. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na kreni ya lori iliyokodiwa kwa saa, imeshawasili, na dereva wake amekaa akinywa kahawa. Akasema: jukwaa linapanda tupu, watu wachache na spana, hatari iko wapi? Vyuma vya nanga vitarudishwa mkiwa mnashuka. Mzee akamjibu: "Linapanda tupu. Halishuki tupu." Kisha akatamka maneno ambayo sikuwahi kumsikia fundi akiyatamka mbele ya bosi: kwamba anakataa kazi hii kwa sababu ni hatari, na kwamba sheria inamruhusu.

Ni kweli ilimruhusu. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Ontario, iliyoanza kutumika mwaka 1979, inampa mfanyakazi haki ya kukataa kazi anayoamini itamdhuru. Msimamizi lazima achunguze mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na wasipokubaliana anaitwa mkaguzi wa Wizara ya Kazi. Kumwadhibu mtu kwa kukataa ni kosa. Wakati huo sisi tulikuwa tumekaa kwenye rundo la mbao, mimi tumbo limenishika, maana nilikuwa mgeni na kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri. Meneja akafanya jambo ambalo wengi hulifanya: akaita kikosi kingine.

Hapo ndipo niliposhuhudia kwa macho yangu kipengele kimoja cha sheria kikiokoa watu. Kazi iliyokataliwa haiwezi kupewa mtu mwingine mpaka aambiwe kwamba imekataliwa na kwa nini. Mwakilishi wetu, seremala Mreno mwenye sauti ya chini, hakuwahutubia wale vijana. Aliwapandisha ghorofa ya sita, akawaonyesha chuma kilicholala na ndoo ya boliti, akawapandisha na ya tisa. Walishuka, wakaja kukaa nasi kwenye mbao.

Mkaguzi alifika mchana na kusimamisha kazi kwa maandishi. Madirisha mawili yaling'olewa, nanga zikarudishwa kutokea ndani, boliti mpya, spana yenye kipimo, mistari mipya ya rangi. Mhandisi alipima wima wa mlingoti kwa darubini ya upimaji kabla jukwaa halijainuka hata hatua moja. Tulifungua mashine yote bila mtu kukwaruzika. Meneja hakumsalimia Mzee kwa muda mrefu baada ya hapo, na Mzee hakuonekana kulijali hilo. Kuanzia mradi uliofuata kila nanga yetu ilikuwa na kibao chekundu na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake.

Miaka ilipopita nilisoma masomo ya jioni na nikakutana na hesabu ya Leonhard Euler ya karne ya 18 kuhusu nguzo nyembamba. Nguzo isiyoshikwa ikirefuka mara mbili, mzigo unaoweza kuipinda hushuka hadi robo. Ikirefuka mara tatu, hushuka hadi sehemu moja ya tisa. Mita zetu tisa zilikuwa zimegeuka 27. Mzee hakuwa ameisoma hesabu hiyo, ila mkono wake uliokuwa ukishika kila nanga ulifanya kazi ileile. Nilisoma pia kiwango cha Ulaya, EN 1495, na nikaona kwamba upepo unaoruhusiwa wakati wa kufunga na kufungua ni mita 12.7 kwa sekunde, ilhali wakati wa kazi ya kawaida ni 15.5. Hata waandishi wa viwango walikuwa wanaijua wiki ya mwisho.

Tarehe 3 Aprili 2006, jukwaa la mlingoti lililokuwa likifunguliwa katika jengo la Emerson College liliangukia barabara ya Boylston, Boston. Walikufa wafanyakazi wawili na daktari aliyekuwa akipita kwa gari lake. Machi 23, 2015, huko Raleigh, North Carolina, mlingoti uliachana na jengo jipya katika hatua hiyohiyo ya kufungua, wakafa watatu na mmoja akaumia vibaya. Habari hizi ziliponifikia nilizisoma nikiwa nimesimama. Sikuweza kukaa.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi Dar es Salaam, na mwaka jana walileta mashine ya namna hii kwenye jengo lao. Alinitumia picha kwa furaha, na mimi nilifurahi naye, maana nimeona mirunda mingi iliyoinama katika jiji lile. Nikaikuza picha nione nanga. Moja ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa bloku, si kwenye zege. Nikampigia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwonyeshe mhandisi wenu picha hii leo, hiyo nanga ya pili ihamie kwenye boriti." Akaahidi, na siku chache baadaye akanitumia picha nyingine, nanga ikiwa imeingia kwenye zege kama inavyotakiwa. Ndipo nikamuuliza swali nililompigia kwa ajili yake: siku ya kufungua, ni nani peke yake mwenye ruhusa ya kugusa nanga, na je, mafundi wengine wa jengo wanalijua jina lake? Akanyamaza kidogo, akasema hajui. Nikamwambia aende akaulize sasa hivi, kabla watu wa madirisha hawajafika.