Mipaka na Watu Wake

Bwana Mhariri amewaomba wanafunzi wa zamani waandike juu ya jambo walilojifunza baada ya kuiacha shule. Wenzangu bila shaka wataandika juu ya kazi zao. Mimi nataka kuandika juu ya mchezo, ingawa mchezo wenyewe si wa watoto. Ni mchezo wa kugawa nchi katika wilaya za uchaguzi, na mtu huucheza peke yake mbele ya kompyuta.

Mimi ni mtu wa Rumonge. Nimekua karibu na mwalo, mahali ndagala wanapoanikwa na mukeke wanapopimwa asubuhi, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa jiografia. Sasa naishi Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, huko Marekani. Jioni nikitoka kazini, kama sina la kufanya, nachora ramani.

Yafaa kwanza nieleze ramani hizo ni za nini. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435. Kila baada ya miaka 10 watu wote huhesabiwa, na viti hugawiwa majimbo kwa kadiri ya wingi wa watu. Kisha jimbo lenye viti zaidi ya kimoja sharti likatwe vipande, na kila kipande humchagua mbunge mmoja. Vipande hivyo ndivyo nivitavyo wilaya hapa. Ndugu zetu wa Tanzania huviita majimbo ya uchaguzi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1964, wilaya zote za jimbo moja lazima ziwe na watu karibu sawasawa.

Zamani kazi hii ilifanywa na wakubwa wachache ndani ya vyumba vilivyofungwa. Leo iko programu katika intaneti iitwayo Dave's Redistricting, iliyoanzishwa na mtaalamu wa kompyuta wa Seattle, Dave Bradlee, na mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo. Unachagua jimbo, unachagua rangi, kisha unapaka mahali baada ya mahali. Kila upakapo, kando ya ramani hesabu hubadilika: watu wangapi wameingia, wangapi wamepungua, wangapi wamezidi. Ukimaliza, programu hukupa alama kama mwalimu: je, wilaya zako zimekaa pamoja au zimetawanyika kama mizizi? Umekata miji vipande vingapi? Vyama vitapata viti kwa kadiri ya kura zao?

Iowa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu sheria yake ni nyepesi kueleza. Jimbo lina kaunti 99, na katika kuchora wilaya za Baraza hilo hairuhusiwi kuikata kaunti. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 3,190,369, na viti ni vinne. Basi kila wilaya yataka watu 797,592. Kaunti ya Polk, yenye mji wa Des Moines, ina watu 492,401. Bado watakiwa 305,191. Utawatoa wapi? Ukichukua majirani wa magharibi, au wa kaskazini penye chuo kikuu, au wa kusini wenye mashamba, kila uamuzi utalazimisha mwingine mbali kabisa, mpakani mwa jimbo. Mimi nimemaliza karatasi nyingi kwa hesabu hizi, na nimegundua jambo ambalo halikuwamo katika vitabu vyetu: ziko ramani nyingi mno zilizo sawa kwa hesabu, lakini hazifanani kabisa kwa matokeo.

Wanafunzi na wachukue kalamu, tufanye mfano wa nyumbani. Tuseme kando ya ziwa wako watu 50: wavuvi 30 na wakulima wa michikichi 20. Tuwagawe katika mafungu matano ya watu kumi kumi, na kila fungu limchague mtu mmoja. Ukiweka wakulima wanne katika kila fungu, wavuvi watashinda mahali pote, na wakulima hawatapata hata kiti kimoja. Ukiwarundika wakulima wote katika mafungu mawili, watapata viti viwili. Ukiwapanga sita, sita, sita, wawili, na fungu la mwisho pasiwe na mkulima, watapata viti vitatu kati ya vitano, ijapokuwa wao ndio wachache! Watu ni wale wale, na nia zao ni zile zile. Kilichobadilika ni mstari tu.

Hila hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1812 Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, alitia sahihi sheria iliyochora wilaya moja ya kupindapinda hata gazeti la Boston likaichora kama joka, na jina la Gerry likaunganishwa na jina la mnyama aitwaye salamanda. Neno hilo linaishi hadi leo. Wala hila yenyewe haijafa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua mashtaka ya chama kujipendelea katika ramani. Na mwaka 2025 jimbo la Texas lilichora upya wilaya zake kabla ya wakati wa kuhesabu watu, na California ikajibu kwa ramani yake.

Iowa wamejaribu kuikwepa hila hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1980, ramani huchorwa na ofisi ya watumishi wa Bunge wasio wa chama chochote. Hao wamekatazwa kutazama wabunge wanakaa wapi, wapiga kura wameandikwa katika chama gani, na kura za nyuma zilikwendaje. Mwaka 2021 ramani yao ya kwanza ilikataliwa na Seneti, wakaleta ya pili, ikakubaliwa. Tofauti kati ya wilaya kubwa na ndogo haitimii watu 100.

Hapana shaka hiyo ni kazi safi. Hata hivyo tazameni matokeo: mwaka 2022 na mwaka 2024 viti vyote vinne vilikwenda kwa chama kimoja, cha Republican, hali katika kura ya Rais ya mwaka 2024 zaidi ya watu 40 katika kila 100 walimpa kura mgombea wa Democratic. Wilaya moja mwaka huo iliamuliwa kwa tofauti isiyotimia kura 1,000. Basi mkono safi ni jambo jema, lakini hauwezi kutimiza kila haki peke yake.

Jirani yangu hapa ni mzee wa Nyanza-Lac, aliyevuka ziwa mwaka 1972 akakaa Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Siku moja alinikuta nikipaka rangi, akasimama nyuma yangu kitambo.

“Mwanangu,” akasema, “hao uliowatia rangi ya kijani, soko lao liko wapi?”

“Sijui, mzee. Kompyuta haisemi hayo.”

“Wakiugua wanapelekwa hospitali gani? Na wakifiwa, anayekuja kuwazikia ni nani?”

“Hilo nalo haisemi.”

“Basi umewahesabu,” akasema, “lakini bado hujawajua.”

Baadaye niliona kwamba wenye hekima ya sheria wamesema karibu maneno hayo hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 89, inaruhusu idadi ya watu wa jimbo la uchaguzi izidi au ipungue kwa 30 katika 100, na hata 40 katika 100 kwa miji mikubwa na nchi zenye watu wachache, ili wachoraji waweze kuangalia umbile la nchi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya watu katika historia, uchumi na mila. Iowa huogopa tofauti ya watu 100. Kenya huogopa zaidi kumweka mchungaji wa ngamia siku tatu mbali na mbunge wake. Kila mmoja ana sababu yake.

Maneno ya yule mzee yalinirudisha Rumonge. Programu ile haiijui nchi yetu, basi nilichora mwambao kwa mkono, kama tulivyofundishwa: barabara ya RN3 kutoka Bujumbura, Magara, Minago, Rumonge, msitu wa Kigwena, hata Nyanza-Lac, na nyuma yake milima inayopanda ghafula kutoka Imbo. Kisha niliandika mipaka ilivyohama. Tarafa ya Rumonge, au komini kama tuisemavyo, ilikuwa ya mkoa wa Bururi, ambao makao yake yalikuwa juu milimani. Mwezi wa Machi 2015 Rumonge ikawa mkoa wenyewe, pamoja na Burambi, Buyengero, Bugarama na Muhuta. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na mgawo huo ukaanza kazi pamoja na uchaguzi wa mwaka 2025. Leo Rumonge ni tarafa tena, katika mkoa wa Burunga, na Muhuta imekwenda mkoa wa Bujumbura.

Mtu wa Minago aliyezaliwa mwaka 2010 amekuwa raia wa mikoa mitatu kabla ya kumaliza sekondari, bila kuhama nyumba yao! Kwake yeye swali si rangi ya ramani. Swali ni karatasi yake itatiwa sahihi wapi. Ofisi ya mkoa iliyokuwa mjini Rumonge sasa iko Makamba. Nauli yake ni nyingine, na siku ya kazi inayopotea ni nyingine. Huenda mkoa mkubwa ukawa na nguvu kuliko mdogo, na matumizi ya serikali yakapungua. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini faida na nauli sharti viandikwe katika daftari moja, maana anayelipa ni mtu yule yule.

Katika uchaguzi kwetu mambo ni tofauti na Iowa. Mkoa mzima ni jimbo moja la uchaguzi; watu huchagua orodha ya chama, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Katiba inataka Wahutu 60 na Watutsi 40 katika kila 100 Bungeni, na wanawake wasiopungua 30 katika 100. Na kama kura hazikuleta hivyo, wengine huongezwa, pamoja na Watwa watatu. Wamarekani hutafuta haki ndani ya mstari. Sisi tumeitafuta ndani ya orodha. Mwaka 2020, kwa mikoa 18, viti 100 vya kupigiwa kura viligawanyika 72 kwa CNDD-FDD, 27 kwa CNL na kimoja kwa UPRONA. Mwaka 2025, kwa mikoa mitano, vyote 100 vilikwenda kwa CNDD-FDD. Ajuaye hesabu ataona ajabu, kwa sababu katika orodha jimbo likiwa kubwa mlango wa chama kidogo hupanuka. Basi mstari peke yake hauelezi jambo hilo; sharti mtu aulize pia juu ya vyama vilivyoshindana, kura zilivyopigwa, na zilivyohesabiwa.

Tena, kwetu kuna mchoraji mwingine asiyeshika kalamu. Katika miaka hii maji ya Tanganyika yamepanda, yakaingia katika nyumba za mwambao, Gatumba hata Rumonge, na watu wakahama. Aliyehamia mlimani atahesabiwa wapi, na nani atamsemea juu ya mwalo wake uliozama? Na usiku, wavuvi wa Rumonge na wa Nyanza-Lac wakiwasha taa zao, ziwa halina mstari, wala ndagala hana mkoa.

Nimeandika haya si kwa kuwa nataka wanafunzi wote wawe wachoraji wa mipaka. Nataka wajue kwamba mpaka ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono yaweza kukaguliwa. Katika Iowa jambo lililonifurahisha kuliko hesabu zao ni kwamba ramani ilitolewa hadharani na tarakimu zake zote kabla ya kupigiwa kura, hata mtu wa nje kama mimi akaweza kukaa mezani na kuzijumlisha tena.

Ninyi mlioko shuleni mwaweza kuanza bila kompyuta. Chukueni tarafa yenu, milima yake, masoko yake na hospitali zake. Gaweni. Kisha mtu wa dawati la nyuma na aulize maswali matatu: wamo watu wangapi, wanakwenda wapi kwa shida zao, na aliyechora anapata nini? Darasa likiweza kuuliza hayo bila kugombana, na mchoraji akaweza kuyajibu bila kukasirika, basi mmekwisha kujifunza sehemu kubwa ya utawala wa nchi.