Mpumudde, Kilima cha Safari Zilizokatika

Msafiri atokaye Kampala kwenda Mbale, akisha kuuvuka Mto Nili kwa daraja lililofunguliwa Oktoba 2018, huwa na haraka ya kuipita Jinja. Mawazo yake yamekwisha kutangulia Iganga na Tirinyi, na milima ya Masaba iliyo mbele. Kilima cha Mpumudde hukiacha upande wa kushoto bila kukitupia jicho. Kwa Kiluganda neno hilo lina maana ya “nimepumzika”.

Hapo ndipo ilipokomea safari ya Kabalega, Omukama wa Bunyoro. Baada ya miaka mingi ya kupigana na Waingereza, alikamatwa Aprili 1899 katika nchi ya Lango, pamoja na Kabaka Mwanga, akapelekwa Shelisheli. Alikaa uhamishoni karibu miaka 24. Aliporuhusiwa kurudi alikuwa mzee, mkono mmoja umekatwa kwa ajili ya jeraha la vita, naye amekwisha kubatizwa kwa jina la Yohana. Akafariki Mpumudde Aprili 1923, kabla hajaiona tena nchi yake. Maiti yake ilichukuliwa hadi Mparo, karibu na Hoima, ikazikwa huko. Maofisa wanaosomea ukamanda katika chuo cha Kimaka wako jirani kabisa na mahali alipofia mpiganaji huyo, na hapana shaka wako wasiojua.

Lakini Jinja haikujengwa na askari peke yao. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme, na watu wakafuata viwanda. Wajaluo walikuja kwa wingi kutoka pande zote za ziwa. Wa upande wa Shirati, huko Mara, walikuja na dini ambayo wengi wa majirani zao walikuwa hawajaisikia. Wamennonite waliingia Shirati mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Hubatiza mtu akisha kuwa na akili zake, huoshana miguu katika ibada, na tangu zama za Menno Simons, yapata miaka 500 iliyopita, fundisho lao ni kutoshika silaha. Ni jambo gumu kumweleza askari.

Askari mmoja mstaafu wa Mpumudde alielezwa jambo hilo kwa miaka mingi, jioni kwa jioni, mbele ya ubao wa mweso. Jirani yake, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyetoka Shirati, alikuwa Mmennonite. Mzee alimtania kwamba nchi yenye watu kama yeye tupu ingetekwa kwa fimbo. Jirani alicheka, akazichukua kete zake zote. Hawakukubaliana kamwe, wala haikuwazuia kuleana watoto.

Msiba ulipotokea, jirani huyo alikuwa akirudi kwa baiskeli kutoka upande wa Kakira, saa mbili za usiku. Kila mwenye kuitumia barabara hiyo anayajua malori ya miwa. Moja lilikuwa limeharibika katikati ya njia, halina taa wala hata tawi la mti nyuma yake kama ilivyo desturi ya madereva wenye hekima. Basi dogo lililokuja kwa nyuma lilikwepa ghafula, likampiga mwenye baiskeli. Mzee alifika mapema miongoni mwa wa kwanza. Aliliona lile lori. Aliwaona pia watu wakimshusha dereva wa basi, kijana wa miaka ishirini na kitu, wakianza kumpiga. Na hakuinua mkono kuwazuia. Polisi ndio waliomwokoa.

Matangani moto uliwashwa uani. Wanawake walimenya ndizi, wanaume wakachanga mabugo, yaani fedha za rambirambi, ambazo zamani zilikuwa nguo za magome ya mti zenyewe. Waislamu, Wakatoliki na Wamennonite walikalia mikeka ile ile. Mzee alikaa kimya siku mbili. Polisi walikuwa wanatafuta shahidi, naye alikuwa amekwisha kuamua kwamba habari za lori hatazisema. Kijana na aoze gerezani.

Mjane aliyasikia hayo kwa wengine, akamwita kando.

“Shemeji, uliliona lori au hukuliona?”

“Nililiona, shemeji.”

“Basi kaseme. Yule kijana naye ana mama.”

“Amemwua rafiki yangu.”

“Mimi amemwua mume wangu,” akajibu mjane. “Sikukwambia useme hana kosa. Sema ulichokiona.”

Mzee hakumjibu. Maiti ilisafirishwa kwa gari la kukodi kupitia Busia, Kisumu na Migori, ikaingia Mara, na mzee akakaa nyuma karibu na jeneza njia nzima, akiwa amevaa koti lake la zamani lisilo na nishani. Shirati aliwakuta watu wengi wasiomjua, wakampa kiti cha ndugu. Baada ya mazishi mzee mwenzake wa kanisa alileta karai la maji, akapiga magoti, akamwomba miguu yake yenye vumbi la safari. Askari alisita kitambo. Kisha akafungua kamba za viatu.

Siku ya nne alirudi Jinja, akaenda moja kwa moja kituoni kabla ya kufika nyumbani. Aliandikisha giza la saa mbili, mahali lori liliposimama, na kukosekana kwa alama yoyote nyuma yake. Aliandikisha pia kwamba basi lilikuwa likienda mbio. Ofisa alimsomea maelezo yake, akatia sahihi, akapanda kwa miguu hadi Mpumudde.