Chumba cha Wanawake Katika Magofu ya Jumba la Mtwana



Watu wa pwani wakitajiwa magofu huikumbuka Gedi, na hapo maneno huisha. Lakini ziko athari za wazee wetu ambazo twapita karibu nazo kila wiki wala hatuzijui. Mojawapo ni Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mtwapa, kilomita chache tu kutoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Twakiri kwamba tumepita njia ile kwa zaidi ya miaka thelathini, tukienda harusini na mazikoni, na hatukuwahi kukata kona hata mara moja. Likizo iliyopita ndipo tulipokwenda na watu wa nyumbani, akiwemo shangazi yetu aliyepindukia miaka sabini.

Mji huu ulijengwa katika karne ya 14, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Umri wake umejulikana kwa vigae vya vyombo vilivyofukuliwa, hasa katika uchimbuzi alioufanya James Kirkman mwaka 1972. Jina lenyewe walilipa watu wa baadaye, na maana yake ni nyumba kubwa ya mtumwa. Wenyeji husimulia kuwa watumwa walifichwa hapo kabla ya kusafirishwa. Hapana bandari. Vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga mbali au kuingia hori la Mtwapa, na huenda hilo ndilo lililowapa wakazi amani, maana adui wa baharini hakuwafikia kwa urahisi.

Chini ya mibuyu yamebaki magofu ya majumba ya mawe na misikiti minne. Iko nyumba moja yenye milango mingi, ambayo hudhaniwa ilikuwa ya kupokea wageni. Watoto walihesabu milango. Shangazi alishughulika na vyoo na mahali pa kuogea, akastaajabu kuona watu wa miaka mia sita nyuma wakizingatia tohara namna ile.

Msikiti ulio kando ya bahari ndio uliotuweka muda mrefu. Lipo birika la kutawadhia, na chini yamepachikwa matumbawe ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia. Karibu yake pana kaburi lililochongwa aya ya 185 ya Sura Aal-Imran, ile ya kukumbusha mauti. Tulisimama hapo tukawasomea Fatiha watu tusiowajua hata majina.

Kisha tukaonyeshwa chumba kilichotengwa pembeni mwa msikiti huo. Watunzaji hukieleza kuwa kilikuwa mahali pa wanawake kusalia.

Shangazi aliingia, akasimama kimya, akaushika ukuta kwa kiganja. Akauliza, “Mwanangu, na msikitini kwetu?”

Tukamwambia suala hilo liko mbele ya kamati.

“Na hawa,” akasema, “hawakuwa na kamati?”

Hatukuwa na jawabu, na hatuoni haya kulisema hapa. Katika msikiti tunaosomesha, kina mama wameomba sehemu yao kwa miaka kadhaa. Mara huambiwa nafasi ni finyu, mara fedha hazitoshi. Yuko mzee mmoja, naye twamheshimu, aliyesema kikaoni kwamba jambo hilo ni geni katika pwani yetu. Sisi tulikuwepo siku hiyo, tukanyamaza, ilhali twaijua vyema hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyekataza waja wa Mwenyezi Mungu wa kike wasizuiwe kwenda misikitini Kwake. Kunyamaza kwetu kulituuma zaidi mbele ya ule ukuta wa mawe.

Anayetaka kwenda na ashuke njia panda iliyo mbele kidogo ya Mtwapa, kisha achukue bodaboda au tuktuk hadi ufuoni. Mahali pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na hulipwa kiingilio. Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, mchukue maji na viatu vya kufunga, kwani mizizi ya mibuyu imetapakaa kila mahali. Watoto wasipande kuta, zimechoka.

Kabla ya kuondoka, shangazi alitaka kile chumba kipigwe picha kutoka kila upande, mlango wake na kuta zake. Amezisafisha picha nne kubwa. Kikao kijacho cha kamati ni baada ya Ijumaa mbili, na ametukabidhi sisi tuzipeleke.