Kuvunjika kwa Pua

Aliyezaliwa Bububu hakosi kusikia habari za reli. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilianza kuendesha garimoshi kutoka Ngome Kongwe, mjini, hadi kijijini kwetu, safari ya maili 7 hivi. Likaacha kubeba abiria mwaka 1922. Chuma cha pwani aghalabu hufa kwa kutu, na kutu ni adui muungwana: hubadili rangi ya chuma, hukila mbele ya macho ya watu, na mwenye kujali hupata muda wa kukipaka mafuta. Mimi, katika masomo yangu ya uzamivu, nimeshughulika na adui mwingine asiye na rangi wala harufu.

Pua, yaani chuma kilichokomazwa, katika joto hujikunja kabla ya kukatika. Ikipatwa na baridi ya kutosha huweza kupasuka ghafula kama kigae. Usiku mmoja wa Januari 1943, huko Portland, Marekani, meli mpya iitwayo Schenectady ilivunjika karibu vipande viwili, ilhali imefungwa gatini na maji ni shwari. (Sisi tuliolelewa katika joto la Unguja tuna udhuru wa kutolijua jambo hili.)

Katika kinu cha nyuklia jambo ni zito zaidi. Chungu chake kikuu cha pua, ambacho ukuta wake una unene wa sentimita 20 hivi, hupigwa na nyutroni mwaka baada ya mwaka. Mapigo hayo huzitoa atomu mahali pake, na pua hukakamaa. Kiwango cha joto ambacho chini yake huvunjika kama kigae hupanda, hata joto lililokuwa salama katika ujana wa chungu huwa la hatari katika uzee wake. Maji ya baridi yakimiminwa ndani kwa dharura, na shinikizo lingali kubwa, ufa mdogo waweza kukimbia. Methali yetu ya kuziba ufa yamfaa mwenye nyumba, kwani yeye auona.

Kwa hiyo vipande vya pua ile ile, kila kimoja urefu wa milimita 55 na upana wa 10, huwekwa ndani ya chungu tangu mwanzo. Baada ya miaka hutolewa, huvunjwa kwa nyundo inayoning'inia, kwa njia yenye jina la Mfaransa Georges Charpy, na nguvu iliyotumika hupimwa.

Ami yangu aliposikia akaniuliza, "Mwanangu, wasomeshwa miaka yote hiyo uvunje vyuma?"

"Naam, ami. Vidogo, ili kikubwa kisivunjike."

Akacheka, kisha akasema, "Na vipande vikesha?"

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yangu. Vinu vingi vimeongezewa umri kupita ule uliokusudiwa, lakini vipande ni vile vile vya siku ya kwanza. Hapana budi kuziokota nusu zilizovunjika na kuzichonga upya ziwe vipande vidogo zaidi, kisha kuthibitisha kwamba kidogo hicho chasema kweli juu ya ukuta mzima.

Mwaka 2024 watu wa Uyombo, katika Kilifi, waliandamana kupinga kinu kilichopendekezwa kujengwa kwao. Kwa maoni yangu, ajaye kujenga popote katika pwani hii na aulizwe swali la ami kabla ya msingi kuchimbwa: ataweka vipande vingapi, na atavitoa miaka gani?