Klachi Ngumu Haitaki Misuli

Wasee, mkiambiwa kitu "kimeisha", ulizeni swali moja kabla ya kutoa doo: kimekwama wapi?

Mjomba wangu ana katapila ya zamani huko Machakos, ile ya klachi ya mkono, si ya kukanyaga. Inachimba mabwawa ya kuvunia maji ya mvua. Mwaka huu mkono wa klachi ulikuwa mgumu hadi ukahitaji watu wawili kuuvuta. Mvua ilikuwa karibu, wateja wanangoja, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu ashaanza kupiga simu.

Fundi wa kwanza aliuvuta mara moja tu, akasema klachi imeisha, inunuliwe nyingine. Aliposikia bei, mjomba alianza kuhesabu mbuzi.

Fundi wa pili, mzee fulani mpole, hakuvuta chochote. Alihakikisha injini imezimwa, akaweka magogo mbele na nyuma ya minyororo, kisha akachomoa pini inayounganisha fimbo ya mkono na klachi yenyewe. Akaniambia, "Vuta sasa, kijana."

Manze, bado ulikuwa mgumu!

"Klachi nimeitoa kwa hii hesabu," akasema. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Mgonjwa alikuwa shafti fupi inayozunguka ndani ya bushi. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imekauka na vumbi ikawa kama gundi, nipo ikaziba, kutu ikamalizia kazi. Tungeendelea kuivuta hivyo, klachi isingefunga vizuri, ingeteleza, na sahani zake zingeungua. Hapo ndio ingeisha kweli.

Tulisugua kwa burashi ya waya, tukamwagia oili ya kulegeza kutu, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi ikawa ni mbele kidogo, nyuma kidogo, oili tena. Nyundo ilitumika, lakini juu ya kipande cha mbao, kwa sababu ukigonga shafti na chuma mwisho wake unapanuka na haipiti tena kwa bushi. Jioni ikatoka. Tukaipiga msasa, tukazibua njia ya grisi, tukafunga nipo mpya. Mkono ukaanza kwenda kwa mtu mmoja, na klachi ikifunga unasikia "tak!" safi.

Sasa sikieni ubishi uliofuata. Mjomba akauliza, "Mzee, mbona pesa yote hii na hujaweka spea?"

Hapo ndipo mimi na mjomba tulikosana kidogo. Sisi Wakenya tunalipia spea bila kulalamika, lakini kulipia akili ya mtu tunaona ni kama kuibiwa. Ndio maana mafundi wengi wamejifunza kutuuzia vitu. Simu ikikataa kuchaji, unanunua chaja mpya, kumbe tundu limejaa uchafu wa mfuko wa suruali. Anayekuonyesha hilo unampa "asante bro" tu.

Mzee alilipwa pesa yake yote. Mabwawa mawili yalichimbwa kabla ya mvua, na yule wa vyuma vikuukuu bado anapiga simu.

Wewe, ni lini mara ya mwisho ulilipa fundi kwa kukuambia usinunue kitu?