Gunia la Kilo 99.6

Nyie mnaoandika sura ya tatu ya projekti sasa hivi, hasa mnaoiandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, najua mtanielewa upesi. Mwaka wa nne, muhula wa kwanza, nilijaza madodoso 30 ya wakulima wa alizeti wa Mtinko nikiwa hosteli, nimekaa kitandani. Sikuyajaza peke yangu. Chumba kizima kilishiriki. Tulipeana biki za rangi tofauti, na mmoja akaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uonekane wa mtu aliyeacha shule zamani. Kati yetu wanne, wa Singida nilikuwa mimi tu. Mwenzetu wa Mtwara ni mtu wa korosho, alizeti anaijua ikishakuwa ndani ya chupa ya mafuta.

Bumu lilikuwa limeisha na nauli sina, hiyo ni kweli, lakini siyo sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba Mtinko ni kwetu. Ni kaskazini ya Singida mjini, nimekulia pale, nimepura alizeti kwa fimbo pale nikiwa darasa la tatu. Nikajiambia, nikamuulize nani kitu ninachokijua?

Swali la saba la dodoso lilikuwa hili: gunia moja la alizeti lina kilo ngapi? Tukaandika 100. Gunia ni kilo mia, nani hajui? Mjanja wetu wa takwimu akasema majibu yakifanana mno paneli itashtuka, basi kwenye madodoso sita tukaandika 98. Wastani ukatoka 99.6. Nikauweka kwenye jedwali la sura ya nne, na kwenye programu nikaukadiria kuwa 100. Mstari mmoja tu wa msimbo, juu kabisa ya faili. Sikuugusa tena.

Mfumo wenyewe nilikuwa naupenda, na bado naupenda. Nilitaka mkulima aende kwa mnunuzi akiwa tayari anajua hesabu yake, maana habari za mizani ya kuchezewa na magunia ya lumbesa kila mwenye wazazi shambani amezisikia. Nilianza na USSD, kama zile menyu za M-Pesa ambazo tangu 2008 zimewazoesha hata bibi zetu kubonyeza nyota na reli. Lakini namba ya USSD ya kweli inalipiwa, mwanafunzi anaishia kwenye simuleta. Tena ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, na mtu akichelewa kujibu menyu inakatika. Nikahamia kwenye meseji za kawaida. Unatuma ALIZETI 9 kwenye namba yangu, simu yangu inaipeleka kwenye programu niliyoiandika kwa Python, unarudishiwa kilo na fedha kwa bei ya siku. Bei nilikuwa naiuliza kwa kupiga simu nyumbani kila asubuhi. (Siku moja mama alisikia nikisema nakodi usiku kucha, akadhani nimekodi chumba mtaani na nimemficha. Ilinichukua vocha nzima kumweleza.)

Mama ndiye alikuwa mtumiaji wangu wa kwanza. Mwishoni mwa Mei alikuwa na magunia tisa na bei ilikuwa shilingi 600 kwa kilo. Akatuma meseji. Mfumo ukamjibu bila kusita: kilo 900, shilingi 540,000.

Mnunuzi wa pale kijijini ni mzee mmoja ambaye wote tunamwita Mzee wa Mzani. Mzani wake una stika ya Wakala wa Vipimo, na kila Desemba anawakopesha watu mbegu, mama yangu akiwemo. Akayapima magunia tisa moja baada ya jingine. Jumla kilo 576. Shilingi 345,600.

Jioni mama akanipigia, sauti imejaa ushindi. "Baba, yule mzee leo nimemkamata." Akanisimulia alivyomwonyesha meseji yangu mbele ya watu, alivyomuuliza kilo zake 324 zimeenda wapi, alivyomwambia kwamba sasa ana mtoto chuo kikuu na hataibiwa tena. Mzee hakujibu kitu. Alikunja kamba zake akasema mzani uko pale, anayetaka kupima apime. Mama akayarudisha magunia ndani. "Asante mwanangu," akaniambia.

Nilikata simu nikabaki naitazama. Namba zote zilikuwa mbele yangu, 576 gawanya kwa 9 ni 64. Nikampigia rafiki yangu anayefanya kazi kwenye mashine ya kukamua mafuta Singida mjini, nikamuuliza gunia la alizeti lina kilo ngapi. Akacheka kwanza. Akasema likijaa vizuri ni sitini na kitu, likishindiliwa linagusa sitini na tano, alizeti ina maganda, ni nyepesi, we si wa huku? Kilo mia ni za mahindi. Debe sita ni debe sita, lakini debe la alizeti siyo debe la mahindi.

Mwaka wa tatu tulifundishwa habari ya Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kikiwa kinaingia kwenye mzunguko wa Mars, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na ya upande wa pili ikazisoma kama vipimo vya metriki. Darasa zima tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti, nakumbuka nilikaa safu ya mbele.

Kurekebisha kosa kulinichukua chini ya dakika moja. Nilifuta 100 nikaandika 64. Kumpigia mama kulinichukua siku tisa.

Hapo ndipo sina pa kujificha. Mstari wa msimbo ningeweza kusema ni uanafunzi. Siku tisa zile zilikuwa za mtu mzima anayejua. Kila asubuhi nilijiambia jioni nitampigia, jioni najiambia ameshalala. Alizeti zikazidi kutoka mashambani, bei ikashuka hadi 500. Mama alikuwa na michango ya shule ya mdogo wangu, akauza kwa mnunuzi mwingine aliyepita na gari. Kilo zilikuwa zile zile 576. Alipoteza shilingi 57,600 kwa kumwamini mtoto wake, na jina la mwizi alikuwa ameshampa mtu aliyemkopesha mbegu.

Wa kwanza kumwambia hakuwa mama. Nilienda kwa supavaiza wangu, nikamweleza yote, na ya madodoso. Nilitegemea atapiga kelele. Madam aliniuliza tu, "Mama amekwishajua?" Nikasema bado. "Basi umekosea mlango," akasema. "Kampigie, halafu rudi tuzungumze habari ya sura ya tatu."

Nikampigia pale pale kwenye ngazi. Mama alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtukana mzee wa watu." Hakutaja fedha. Mpaka leo hajazitaja, na ningependa azitaje.

Madam aliniambia nifute kiambatisho chote na majedwali yake. Zilibaki wiki tatu. Nauli sikuwa nayo safari hii kweli kweli, kwa hiyo mahojiano tulifanya kwa simu, na aliyeshika simu kule alikuwa mama. Alizunguka nayo kwa majirani, kitochi kikiwa kwenye spika. Mimi nasoma swali kwa Kiswahili changu cha ripoti, yeye analigeuza kwa Kinyaturu, na mara nyingi lililotoka halikuwa swali langu. Lilikuwa zuri zaidi.

Tulipata watu 11. Hakuna hata mmoja aliyesema shida yake ni kuzidisha magunia kwa bei, hesabu hiyo wanaifanya kichwani kabla simu haijawaka. Walichotaka ni kumbukumbu ya mbegu za mkopo, maana deni limeandikwa kwenye daftari la anayedai tu, na anayedaiwa hana nakala. Wengi simu siyo yao, ni ya mume au ya kijana wa nyumbani, kwa hiyo meseji yangu ingesomwa na mtu mwingine kwanza. Mama mmoja aliuliza kama jibu la fedha linaweza kusubiri mpaka mwenye simu aondoke. Walicheka sana kule, lakini niliiandika kama hitaji namba nne, na iko kwenye ripoti.

Paneli iliuliza kwa nini watu 11 tu, na kwa nini sura ya nne imebadilika kuliko rasimu. Nikajibu kama ilivyokuwa. Palikuwa kimya kidogo, mmoja akaandika kitu. Nimepata C. Chumbani kwetu ndiyo alama ya chini kuliko zote, na sitasema haikuniuma.

Nilipofika nyumbani Agosti nilienda kwa Mzee wa Mzani kabla sijafungua begi. Mama alikuwa ameshaenda mara mbili kabla yangu, mara ya pili na kuku. Nikamwamkia, nikamweleza kosa lilikuwa langu, la namba niliyoiandika bila kupima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nibebe gunia lililokuwa pembeni, nilitundike mwenyewe, nisome mwenyewe. Kilo 63.

"Sasa hiyo meseji yako," akasema, "vitunguu inavijua?"

Nikamwambia bado. Akaninyooshea kidole kwenye magunia ya vitunguu yaliyopangwa ukutani. Tulipima manne kabla giza halijaingia. Hakuna lililolingana na jingine.