Mangwe ya Shangazi, Njia ya Rabai

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kutoka Mombasa kuelekea Nairobi kwa barabara, bila shaka umepita Mazeras bila kuishughulikia. Lori lililo mbele linapanda kilima likiguna, dereva wa matatu ananung'unika, nawe mawazo yako yako Voi. Safari ijayo shuka pale. Shika njia ya kulia iendayo Rabai na Kaloleni, na punde si punde utajikuta umezungukwa na minazi.

Wageni wengi huenda Rabai kuona kanisa na nyumba za wamishenari Krapf na Rebmann, waliofungua kituo chao huko mwaka 1846. Wengine hufuata kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Nenda ukaone, sikukatazi. Lakini mimi nikifika huko macho yangu hutafuta kwanza mwembe mmoja kando ya barabara. Chini yake ndipo ilipokuwa mangwe ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Kwa msomaji wa bara, mangwe ni kilabu cha tembo la mnazi. Ya Shangazi ilikuwa banda la makuti, magogo ya kukalia, na meko moja ya kuchomea muhogo na ng'onda wa papa. Wapagazi, walimu, wagema waliomaliza kazi, madereva waliokata kona kutoka barabara kuu, wote waliketi gogo moja. Kila mtu na kibuyu chake na mrija wake, nchani mwa mrija kumezibwa nyuzi ili nyuki wasije wakapanda na tembo hadi kinywani.

Biashara hiyo haina usingizi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akalikata kole ncha kidogo kwa kotama, akaning'iniza kibuyu kipokee matone. Tembo likiteremshwa alfajiri ni tamu, hata mtoto hulilamba. Adhuhuri limeanza kuchangamka. Kesho yake ni chungu, na ukilisahau zaidi umepata siki. Haliwekwi ghalani, msomaji! Ndiyo maana wauzaji wengi hushawishika kulichanganya la jana na la leo, kisha wakalifunika kosa kwa maji.

Shangazi la hasha. La jana alilimwaga mbele ya wateja, na la leo alilionja yeye kwanza kabla ya kumpa mtu. Mgema wake naye hakuwahi kusifiwa hata siku moja. Shangazi aliujua vyema ule usemi kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa sababu hiyo, hata tembo liwe asali, alisema tu, "La leo si baya." Mzee yule alivumilia sifa hiyo moja miaka nenda miaka rudi.

Baba alifariki ningali mdogo, na vibuyu hivyo ndivyo vilivyonilea. Mwaka 1986 nilijiunga na Kidato cha Kwanza, sisi wa mwanzo wa 8-4-4. Shangazi alinisindikiza shuleni akiwa na karo ndani ya kitambaa, sarafu na noti zilizokunjwakunjwa, zote zikinukia tembo. Karani alizihesabu kwa ncha za vidole. Wavulana waliokuwa foleni nyuma yetu walicheka.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Penye kazi ya mlezi niliandika "mkulima". Shangazi, ambaye hakujua kusoma, aliinama akaniuliza, "Hapo umeandika nini, mwanangu?"

"Nimeandika mfanyabiashara, Shangazi."

Alinyamaza, kisha akaifunga leso yake upya kiunoni, akasimama wima. Tangu siku hiyo, akiulizwa kazi yake barazani kwa chifu au hospitalini, alijibu bila kusita: "Mfanyabiashara. Mwanangu ameandika." Nililisikia jibu hilo mara nyingi, hata siku nilipomletea cheti changu cha chuo naye akawatembezea walevi wake kukitazama. Sikupata ujasiri wa kumwambia kweli.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilipoamuru baa zisiuze kabla ya saa 11 jioni siku za kazi, aliniuliza kama waliotunga sheria hiyo wamewahi kuonja tembo la alfajiri ikifika jioni. Nilicheka. Yeye hakucheka. Wateja wa mchana walipungua, mgema akazeeka, na mwaka 2012 Shangazi akatutoka. Siku za hanga, gogo la mbele liliachwa wazi, hakuna aliyethubutu kulikalia.

Leo chini ya mwembe ule huegesha vijana wa bodaboda. Banda halipo, ila magogo mawili yangalipo, nao huyakalia wakisubiri abiria. Ukifika, waombe wakupeleke kwenye mangwe yoyote ya jirani. Usikimbilie kunywa. Kaa kwanza, usalimie wazee, kisha umwombe mama mwenye mangwe aonje yeye kabla yako. Akikasirika, nyanyuka uende kwingine.